Mama Klachi na Tajiri Asiyejua Kurudi Nyuma

Mguu wa kulia wa Mama Klachi ulikuwa na kazi nyingi kuliko wa kushoto. Hata fundi viatu wake alilijua hilo, maana soli ya kulia ilikuwa ikiisha miezi mitatu kabla ya mwenzake. Miaka kumi na tisa mfululizo mwanamke huyu alikuwa ameketi kiti cha abiria kwenye gari la shule ya udereva, mguu juu ya breki ya pili, ile inayofungwa upande wa mwalimu, akiwafundisha watu wa kila namna: wauza nyama, manesi, makarani, maharusi watarajiwa, na mabwana wenye vitambi walioamini kwamba kwa kuwa waliwahi kupanda baiskeli, gari lingewatii lenyewe. Jina walimpa wanafunzi, kwa sababu neno alilolitamka kuliko hata salamu lilikuwa hilo hilo. "Klachi! Klachi, baba! Klachi, mama, usiiachie kama unaitupa!"

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mjane, mfupi wa kukalia mto ndipo aione barabara vizuri. Na alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuutafutia dawa: kutaka kujua. Ukikaa naye dakika ishirini, unashuka keshajua kazi yako ilianzaje na kwa nini huongei na shemeji yako. Hakuwa mmbeya. Habari kwake ziliingia na hazikutoka. Alipenda tu kujua mambo yanavyokuwa hadi yakawa. Alimuuliza muuza nyama anamjuaje ng'ombe mzee akiwa ameshaning'inizwa. Alimuuliza nesi jinsi mgonjwa anayejifanya anavyojulikana. Na akijibiwa alitulia, akalitafuna lile jibu hadi taa ya kijani iwake.

Nyumbani aliishi na binti yake wa miaka ishirini na minne, aliyekuwa anauza kwenye duka la dawa. Binti huyu alikuwa amepagawa na mafanikio. Kila asubuhi, huku akipiga pasi koti lake jeupe, simu ilikuwa dirishani ikimwaga sauti za vijana wakieleza walivyopata utajiri kabla ya kufika miaka ishirini na mitano. Mlangoni pa jokofu alikuwa amebandika karatasi ya maagizo: Amka saa kumi. Soma vitabu hamsini kwa mwaka. Usikae na watu wasio na ndoto.

"Hao wasio na ndoto ndio mimi?" Mama Klachi aliuliza siku ya kwanza kuiona.

"Mama nawe! Si wewe."

"Mbona hapa tuko wawili tu?"

Basi Jumatatu moja mwenye shule alimwita ofisini, chumba chenye picha za alama za barabarani kila ukuta na feni iliyokuwa inalalamika. Alifunga mlango kwanza, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Mama, nina mwanafunzi, nataka umshike wewe. Ana miaka ishirini na mitatu. Hela alizonazo, ukikusanya mtaa huu wote na vyombo vyao vya ndani, hamumfikii."

"Si aajiri dereva?"

"Anao wawili. Anasema anataka kujua mwenyewe."

Mama Klachi alikuwa amekwisha kulisikia jina lake redioni. Ni yule kijana aliyetengeneza programu ya simu inayowasaidia wenye maduka madogo kuagiza bidhaa kwa wauzaji wa jumla. Aliianza akiwa na miaka kumi na tisa. Alipofika ishirini na mbili kampuni kubwa ikaja ikainunua, kwa fedha ambazo mtangazaji alizitaja mara mbili, akidhani labda mwenyewe amesoma vibaya.

Alimtarajia bwana mdogo wa miwani ya jua na manukato. Aliyekuja alikuwa kijana mwembamba mwenye kandambili na shati lililokunjamana mgongoni. Mama Klachi alimrudisha akavae viatu. Akaenda, akarudi na viatu, wakaanza.

Siku ile gari lilizimika mara kumi na moja. Liliruka kama mbuzi, likakohoa, likazima katikati ya njia, na nyuma yao mabasi yakapiga honi hadi wapita njia wakasimama kutazama. Mama Klachi alikuwa na uzoefu na saa kama hiyo. Wengine hulia, wengine hutukana gari, wengine hugeuka wakamtukana mwalimu. Kijana huyu kila lilipozimika aligeuza uso na kuuliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Hapo nimekosea nini?"

"Umeachia klachi mapema."

"Mapema kiasi gani?"

Hilo swali hakuwahi kuulizwa. Ilibidi afikiri. "Kabla hujasikia gari linanyanyua pua kidogo."

"Pua," alisema kijana. "Sawa." Likazimika tena. "Na hapo?"

Jioni binti alimsubiri mlangoni, koti hata hajavua. "Enhe! Umekaa na tajiri kwenye gari moja saa nzima. Umemuuliza nini?"

"Nimemuuliza kama anakiona kioo cha pembeni."

Binti alishika kichwa. Alikaa mezani palepale akamwandalia mama yake maswali, moja baada ya jingine, na kumsisitiza ayaulize kwa mpangilio. Mama Klachi hakuhitaji kusukumwa sana. Siku iliyofuata, walipokwama kwenye taa, alianza.

"Mwanangu, hivi wewe unaamka saa ngapi?"

"Saa tatu. Nikijitahidi sana, mbili na nusu."

"Na vitabu unasoma vingapi kwa mwaka?"

Kijana aliona haya kidogo. "Nina kimoja nimekifikisha katikati. Mwalimu, taa imewaka."

Binti alipoletewa majibu hayo hakuyakubali hata kidogo. "Anakuficha, mama. Matajiri hawagawi siri hivihivi kama peremende."

Lakini Mama Klachi alikuwa amefundisha watu zaidi ya elfu mbili, na kiti cha dereva anayejifunza kina jambo lake: mtu aliyeshika usukani kwa mara ya kwanza hawezi kudanganya na kubadili gia kwa wakati mmoja. Kijana huyu hakuwa anaficha kitu. Sasa ndipo udadisi ulipomzidi. Kama si kuamka mapema, wala si vitabu, basi ni nini?

Shida kubwa ya kijana ilikuwa kurudi nyuma. Mbele alishazoea. Kwenye mzunguko wa barabara alishaweza kuingia bila kufumba macho. Lakini ukimwambia arudi nyuma kati ya koni mbili aegeshe, akili inahama. Akikata kushoto gari linakwenda kulia, akitazama kioo anasahau mguu, na koni zinalala moja baada ya nyingine. Walitumia wiki mbili kwenye uwanja wa zamani wa kuegesha malori, na kila baada ya koni ya tano Mama Klachi alimwamuru azime gari wapumzike. Hapo ndipo hadithi ilipotoka, kwa vipande.

Ilikuwa hivi. Mjomba wake alikuwa na duka la jumla. Kijana alipomaliza shule bila kujua aende wapi, mjomba alimweka kwenye simu ya dukani. Kazi yake ilikuwa kupokea. Kuanzia asubuhi hadi jioni wenye maduka madogo walipiga kuuliza jambo moja: sukari ipo? Mafuta yapo? Sabuni imeshuka bei?

"Mwalimu, nilikuwa najibu swali lilelile mara mia mbili kwa siku. Nikaanza kuota sukari. Nikasema hapana, lazima kuwe na njia ya hawa watu kuona wenyewe bila kunipigia mimi."

"Kwa hiyo ulitengeneza programu ili upumzike?"

"Nilitengeneza kwa uvivu," alisema, na alionekana kushangaa maneno yake mwenyewe.

Mjomba hakuielewa ile programu, lakini alimpa chumba cha juu ya duka, umeme, na sahani ya chakula mchana na jioni kwa miaka miwili na nusu. Tena alimpeleka kwa mkono kwa wateja wake wote, mmoja mmoja, akiwaambia, "Huyu ni mpwa wangu, mwekeeni hicho kitu chake kwenye simu, mkiona hakifai nipigieni mimi." Bila neno la mjomba, alisema kijana, hakuna mwenye duka ambaye angemkabidhi simu yake mtoto wa juzi.

Halafu, siku nyingine, baada ya koni ya nane, alitoa kipande ambacho Mama Klachi hakukiuliza.

"Kulikuwa na mwenzangu. Tulikuwa naye darasa moja. Naye alitengeneza ya kwake, wakati uleule, kwa ajili ya maduka ya dawa. Yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Si kidogo."

"Akawaje?"

"Baba yake alipooza upande. Akaacha ili atafute kazi ya mshahara. Sijui yuko wapi."

Mama Klachi alitaka kuuliza maswali sita kwa mpigo, akayameza. "Washa gari," alisema. "Tazama kioo kwanza."

Mtihani wa kwanza kijana alianguka. Aliigonga koni ya mwisho, na mkaguzi akaandika kwenye karatasi bila hata kuinua macho. Watu wengine wakianguka huondoka kwa hasira, au humvuta mwalimu pembeni kumwuliza kama kuna "namna". Huyu alimfuata mkaguzi hadi kwenye kivuli, akamwuliza, "Afande, naomba unioneshe ni hatua ipi hasa gari lilianza kupotea." Mkaguzi, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kuombwa somo na mtu aliyemfelisha, alijikuta anachora mchangani kwa ncha ya kiatu. Kesho yake kijana alifanya ile hatua moja tu, mara arobaini. Mtihani wa pili akaanguka kwa kosa jingine. Akauliza tena.

Mama Klachi alimwambia binti yake usiku ule wakati wa chakula, "Yule mtoto hana aibu ya kutojua. Sijapata kuona mtu anaanguka kwa utulivu kiasi kile."

"Hilo ni somo la saba la mafanikio," alisema binti mara moja. "Kutoogopa kushindwa. Wanalisema wote."

"Mbona ukiwa na mjomba wa kukupa sahani ya chakula kushindwa hakuumi sana?"

Binti aliondoa vyombo.

Wiki ya kabla ya mtihani wa tatu kijana aliomba jambo. Jumamosi ile alikuwa amealikwa kuzungumza ukumbini mbele ya vijana, kuhusu masomo ya mafanikio. Alitaka kwenda akiendesha mwenyewe, na kwa kuwa bado ni mwanafunzi, sheria ilidai mwalimu awe kando yake. Mama Klachi alikubali papo hapo. Binti, ambaye tayari alikuwa amekwisha kununua tiketi kwa akiba ya miezi miwili, aliingia kiti cha nyuma siku hiyo akiwa amevaa nguo yake ya heshima, na njia nzima hakusema neno zaidi ya "shikamoo", ambalo alimwamkia mtu ambaye yeye mwenyewe alimzidi umri kwa mwaka mmoja.

Mama Klachi alicheka hadi akasahau kumkumbusha dereva indiketa.

Ukumbi ulifurika. Vijana mia sita, kalamu mkononi, viti vya plastiki hadi kwenye ngazi. Mshereheshaji aliyevaa suti ya kung'aa aliwaita wazungumzaji wawili. Wa kwanza alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitano, mwenye kiwanda cha maboksi. Aliwaambia kwamba alianza kwa kuokota maboksi matupu nyuma ya maduka na kuwauzia watu wanaohama nyumba, hadi siku moja akaona aanze kuyatengeneza.

"Watu wananiambia niwaambie msikate tamaa," alisema yule msichana. "Mimi nilikata tamaa mara nne. Niliuza hereni nikaacha, nikafuga kuku nikaacha, saluni nikaacha, juisi nikaacha. Ningeng'ang'ania zile hereni, leo msingenialika." Akashukuru, akakaa. Alikuwa ameongea dakika saba. Watu walitazamana, hawajui waandike nini.

Kisha akapanda kijana wake. Mama Klachi alinyoosha shingo kama mzazi siku ya kufunga shule. Lakini mtu aliyesema pale jukwaani hakuwa yule wa uwanja wa malori. Huyu alianza bila chochote. Alikuwa na simu iliyopasuka kioo na ndoto. Alilala saa tatu kwa siku. Kila mtu alimcheka, hakuna aliyemsaidia, akashika ndoto yake hadi mwisho. "Msikate tamaa kamwe!" alisema, na vijana mia sita wakainamisha vichwa kuandika jambo ambalo dakika ishirini nyuma yule msichana alikuwa amelikana.

Mama Klachi alimtazama binti yake akiandika. Mkono ulikuwa unakimbia. Akayatazama mabega yaliyoinama ya kijana aliyekaa mbele yao, na ya yule wa pembeni yake. Hakukusudia kumwaibisha mtu. Ilikuwa ni ule ugonjwa wake tu. Mshereheshaji alipouliza kama kuna swali, mkono wake ukawa umeshanyanyuka, na kipaza sauti kikafika.

"Mimi ni mwalimu wa udereva," alianza, na watu wakacheka kidogo. "Nina swali dogo. Wakati ule unalala saa tatu tu kwa siku, unahangaika na ndoto, chakula ulikuwa unakula cha nani?"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Binti alijifunika uso kwa daftari. Mshereheshaji alianza kusema, "Ahsante sana mama, swali linalofuata..."

"Ngoja," alisema kijana pale juu.

Kicheko kilififia. Kijana alisimama ameshika kile kipaza sauti kwa mikono miwili, na Mama Klachi akamjua. Ndivyo alivyokuwa akishika usukani akiwa ameambiwa arudi nyuma.

"Cha mjomba wangu," alisema.

Akaanza upya. Alieleza duka la jumla na simu ya sukari. Alieleza chumba cha juu, sahani mbili kwa siku, na mjomba aliyezunguka naye kwa wateja. Alisema aliamka saa tatu asubuhi na bado anaamka saa tatu. Alisema kuna mwenzake alikuwa na akili kumzidi, na kilichowatenganisha ni kiharusi cha mzee wa watu. Alisema hajui kama angefika kama baba yake yeye ndiye angelala kitandani. "Nilichofanya mimi ni kuchoka na swali moja na kulitafutia jibu, na nikikosea niliuliza. Hayo mengine nilipewa. Nimekuwa nikiyaruka kwa sababu kila ninakoitwa wananitaka nianze bila kitu."

Hakuna aliyepiga makofi mara moja. Baadaye yalikuja, si ya kelele. Lakini maswali! Mikono ilijaa hewani, na yalikuwa maswali ya watu wanaotaka kujua kweli: mjomba alimwamini kwa sababu gani, asiye na mjomba aanzie wapi, wateja wa kwanza walilalamikia nini. Msichana wa maboksi alijibu hilo la asiye na mjomba. Alisema yeye kwake alikuwa shangazi mwenye stoo tupu. Mshereheshaji alitazama saa yake mara tano.

Wakati wa kurudi Mama Klachi alijuta njia nzima. Walipofika nje ya nyumba palikuwa na nafasi moja tu, kati ya gari la jirani na mkokoteni wa muuza maji. Kijana, akiwa mbali kimawazo, alitazama kioo, akakata usukani, akarudi nyuma na kuingia pale kwa mkupuo mmoja. Akazima gari. Ndipo akashtuka. "Mwalimu. Nimefanya nini?"

"Safari hii hata mimi sijui," alisema Mama Klachi. "Umenikasirikia?"

"Nilikukasirikia hadi pale kwenye mzunguko," alisema. "Baada ya hapo nikaanza kujiuliza kwa nini sijawahi kumtafuta yule mwenzangu."

Kijana alifaulu mtihani wa tatu. Na akamtafuta yule mwenzake. Alimpata anatengeneza simu kwenye kibanda karibu na stendi, akampa kazi, mwenzake akaikataa. Alisema anapenda kuwa bosi wake mwenyewe hata kama ofisi ni meza. Lakini alimwuliza ilikuwaje ile programu haikukwama wateja walipozidi elfu kumi, na wakakaa pale juu ya ndoo mbili zilizopinduliwa wakibishana mchana mzima. Hayo kijana alimweleza Mama Klachi kwa simu, bila kuulizwa, kwa furaha ya mtu aliyekula akashiba.

Nyumbani hali ilikuwa nyingine. Binti alikaa siku tatu bila kuwasha zile sauti zake. Siku ya nne, akikoroga chai, alisema, "Kwa hiyo mimi sina mjomba."

Mama Klachi hakuwa na duka la jumla, wala chumba cha juu. Neno lile lilimkaa kifuani kuliko maswali yote aliyowahi kuuliza yeye. Na katika kulizungusha, alikutana na kile alichosema kijana: kuchoka na swali moja. Akajiuliza, mimi miaka yote hii ni swali gani nimeulizwa hadi nikaacha kulisikia?

Jibu lilikuja kwa simu, Alhamisi asubuhi, kama lilivyokuja kila Alhamisi. Ni dada yake mkubwa, mwalimu mstaafu wa miaka hamsini na tisa. "Mdogo wangu, kesho utanipitisha kliniki?"

Dada huyu alikuwa na gari. Marehemu mumewe alimwachia, likakaa uani limefunikwa turubai miaka mitatu. Alishakuja shuleni mara moja kujiandikisha, akaona foleni ya vijana wa miaka kumi na minane wakichezea simu, akasema atarudi. Hakurudi. Na hakuwa peke yake. Mama Klachi alikaa kitandani akaanza kuwakumbuka, wanawake wa rika lile, wanafika dirishani, wanauliza bei, wanatazama foleni, wanasema "nitarudi", wanakwenda zao. Kila wiki wawili, watatu. Kwa miaka kumi na tisa.

Alikwenda kwa mwenye shule. "Nipe Jumanne na Alhamisi, saa tatu hadi saa tano. Wanawake watu wazima tupu. Mwezi wa kwanza hatutoki uwanjani."

"Mama, wataniulia gari hao."

"Nipe lile bovu."

"Lile bovu halipandi kilima."

"Uwanjani hakuna kilima."

Alipewa mwezi mmoja. Siku ya kwanza walikuja wanne, dada mkubwa akiwa mbele kwa shingo upande. Mmoja aliacha wiki ya pili kwa ajili ya magoti. Dada mkubwa, wiki ya tatu, alikanyaga mafuta akidhani ni breki, lango la uwanja likalala chini, na mwenye shule alipofika alimkuta amesimama juu ya hilo lango mikono kiunoni akimwambia, "Lango lenyewe lilikuwa na kutu." Fedha za lango zilikatwa kwenye mshahara wa Mama Klachi. Wiki ile alifikiria kuacha. Alimpigia msichana wa maboksi, ambaye namba yake aliipata kwa kijana, akamwuliza mtu anajuaje kwamba sasa ni wakati wa kukata tamaa.

"Mimi niliacha pale wateja walipoacha kuja," alisema msichana. "Wako wanakuja?"

Walikuwa wanakuja. Mwezi wa pili walikuwa saba. Mwezi wa nne mwenye shule mwenyewe aliongeza Jumamosi, na akalipeleka gari bovu karakana. Walikuwa wanafunzi wa ajabu. Walisoma alama zote kabla ya kufundishwa, walibebeana miwani, na mmoja alimkatalia mkaguzi kuwasha gari hadi afunge mkanda yeye mkaguzi. Kufika mwisho wa mwaka ishirini na wawili walikuwa na leseni. Mama Klachi hakutajirika. Mwenye shule alimpa fungu kwa kila mwanafunzi wa darasa lile, likatosha kubadili bati la jikoni na kuweka kidogo. Binti alipiga hesabu akasema, "Mama, ungeanza hili ukiwa na miaka ishirini, sasa hivi ungekuwa kwenye magazeti."

"Nikiwa na ishirini nilikuwa sijui kama magoti huuma," alisema Mama Klachi.

Kijana tajiri aliendelea kupita shuleni mara mojamoja, akiendesha mwenyewe, polepole kuliko wote barabarani. Mama Klachi hakuacha kumwuliza. Aliuliza hela nyingi hivyo unazifanyia nini ukiamka, na kama mjomba amejengewa, na kama mtu akipata mapema hachoki mapema. La mwisho kijana alisema hajui bado; arudi amwulize akifika thelathini.

Juma lililopita binti alirudi kazini akiwa na uso wa mtu anayetafuta kitu. Alitupa mkoba kwenye kiti, hakula.

"Mama, wale wazee wanaokuja dukani kwetu. Kila mmoja, nikishampa dawa, anarudi kutoka mlangoni kuniuliza: hii nile kwanza ndipo ninywe, au ninywe ndipo nile? Mmoja leo kanirudia mara tatu. Yale maandishi hawayaoni, ni madogo kama mchanga."

"Wangapi kwa siku?"

"Sijahesabu. Arobaini? Nimejaribu kumchorea yule mmoja sahani juu ya boksi, na jua la asubuhi pembeni. Akacheka, akasema sasa nimeelewa, akaenda."

Mama Klachi alisogeza kiti. "Na dawa ya jioni utachora nini?"

Binti alichukua kalamu. "Hapo ndipo sijui," alisema, na wote wawili wakainama juu ya meza.